Mashine ya Saa ya Mfalme

Mimi ni fundi cherehani, na huu mwaka wa kumi na moja nagawana kibaraza hapa Pasua na Ndelilio, fundi saa. Mtu mpole, mlokole, hagusi hata pombe ya mbege arusini. Ungeniambia Ndelilio ni mwizi, ningekurushia mkasi.

Mwaka 1993 mzee Basili wa Kirua Vunjo alimletea saa aisafishe. Basili alikuwa akiongoza wageni mlimani. Mfalme wa nchi ya mbali aliagiza saa chache Uswisi, zenye taji dogo usoni, awatunuku waliomtendea wema. Moja alipewa Basili kwa kumteremsha mlimani mwana wa mfalme aliyeugua, amembeba mgongoni. Haikuwa na betri wala haikutiwa ufunguo. Ilitembea kwa mkono wa mwenyewe ukicheza. Ukiivua, siku ya pili inalala.

Ndelilio aliifungua, akaitazama mpaka chai yake ikapoa. Kilichofuata nilikuja kukijua baadaye. Aliitoa ile mashine, akaificha kwenye mkebe, akamwekea mzee mashine ya betri ndani ya ganda lilelile. Hakutaka kuiuza. Aliipenda tu, mjinga yule.

Tangu hapo kila Basili akishuka mjini lazima apite kibarazani. Ananyoosha mkono wenye saa, anauliza, "Fundi, saa ngapi?" Ndelilio anajibu kichwa kimeinama. Mzee anangoja kidogo, halafu anaenda zake. Nilikuwa nikimcheka: mtu ana saa ya mfalme, anauliza watu saa.

Basili alifariki 1995, akazikwa kihambani kwake, katikati ya migomba ya nyumbani, na saa mkononi. Saa nane mchana, wakati wa maziko, tulisikia kitu kikigonga ndani ya droo ya Ndelilio. Akatoa mkebe. Mashine ilikuwa inatembea, nayo ilikuwa imelala miaka miwili bila kuguswa. Ndipo aliponieleza yote. Tuliisubiri inyamaze. Wiki ikapita, bado inatembea.

"Yuditha, inatembea kwa mkono wa nani?" aliniuliza. Alikuwa hali wala halali.

Nikamwambia achukue tawi la sale. Mchaga akiletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Tukapanda Kirua pamoja, tukamkuta Hilaria, mjane, akimkatia ng'ombe majani. Ndelilio akapiga magoti, akaungama, akamnyooshea sale na mkebe.

Hilaria hakuvipokea.

"Alijua," alisema. "Alilazwa hospitali wiki nzima, saa ikabaki mezani. Aliporudi aliikuta inatembea. Nikamwambia akakushtaki. Akasema hapana, yule ni mtu wa Mungu, nitakuwa napita pale, siku moja atasema mwenyewe. Sale lako angelipokea, fundi. Mimi hukuniibia."

Nilimwonea huruma Ndelilio, na nilimkasirikia pia. Alilichomeka lile tawi kaburini, akalimwagia maji ya mfereji, tukashuka.

Sale hata ulitupe juu ya jiwe huchipua. Lile lilikauka kabla ya mwezi kwisha. Akapeleka la pili, akapeleka la tatu, nayo yakakauka. Mkebe bado uko drooni, na mimi nikisimamisha cherehani naisikia mashine ikitembea. Mteja akija kuuliza saa ngapi, Ndelilio huinuka akatoka, na ni mimi ninayemjibu.