Kiveti ya Baiskeli ya Wafaransa

Grisi kuukuu ikichanganyika na mafuta ya taa ina harufu inayokaa puani siku nzima, na nyumba yetu ya udongo pale kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ilinuka hivyo likizo yote niliyokuwa nikisubiri kuingia sekondari. Papa, baba yangu, alikuwa ameipindua baiskeli yake juu ya gunia, magurudumu angani, na gololi zimelala kwenye kikombe cha chai cha mama, ambaye hakufurahi hata kidogo. Sisi tuliotoka Kivu ya Kusini tunaiita kinga. Hii ilikuwa kinga ya mashindano ya Wafaransa, nyembamba, usukani umekunjwa kama pembe za kondoo, na Papa aliivusha mpaka wa Kongo akiwa ameacha vitu vyenye maana zaidi. Shule niliyopata ilikuwa mbali, saa mbili na nusu kwa miguu kwenda tu. Papa alisema waziwazi: kinga ikitembea kabla ya shule kufunguliwa, nitasoma. Isipotembea, nitabaki nyumbani nilime. Shangazi tayari alikuwa na jina la mwanamume wa kunioa mdomoni.

Kilichokufa kilikuwa kiveti ya kulia, yaani lile bakuli la chuma linaloingia kwenye fremu na kushika gololi pale ekseli ya pedali inapozunguka. Hatukuwa na spana pana ya kuitoa, kwa hiyo ilibidi twende Mbarara. Kabla hatujaondoka Papa alinionyesha kwa kidole. “Kinga ya Baingereza, upande wa kuume inafunguka kinyume. Hii ya Bafaransa inafunguka sawa na mufuniko wa chupa. Usisahau, mama.” Sikusahau. Kumbe aliyetakiwa kusema ni yeye.

Fundi wa Mbarara alikuwa mtu mnene mwenye spana nzuri na wasikilizaji wengi, vijana wa benchi waliokaa pale kucheka. Alishika kiveti akaanza kuzungusha kama anavyozungusha za baiskeli zote alizowahi kuona, yaani za Kiingereza; hii yetu alikuwa anaikaza. Haikusogea. “Mzee, hii imeoza,” akasema. “Kutu ni mingi sana.” Akachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana ili apate nguvu. Nikamtazama Papa. Papa akatazama viatu vyake. Nikasubiri aseme. Alichosema ni, “Ndiyo, ssebo,” yaani bwana, “wewe ndiye fundi.”

“Unakaza,” nikasema. “Zungusha upande mwingine.”

“Eh, nyabo, umesomea wapi?” fundi akauliza, akiniita bibi kwa kejeli. Mmoja wa benchi akasema leo wamepata mhandisi mwenye gauni la kanisa, na wakacheka mpaka muuza ndizi wa jirani akaja kuona. Fundi akavuta tena, ukingo wa kiveti ukapasuka. Hapo nikapiga kelele ambayo mtoto wa kike hapigi mbele ya wazee. Naye, kwa hasira, akanisukumia spana: fungua basi. Nikaigeuza, nikapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, nikaruka. Mara ya tatu likashuka nami. Wa benchi wakaacha kucheka, wakainuka kuja kuona, na mpaka leo sijapata watazamaji watamu kama wale.

Lakini kiveti ilikuwa imepasuka, na fundi akatoa ya Kiingereza. Angeigonga kidogo kwa nyundo, ingeingia tu. Papa akaanza kukubali kwa kichwa. Ingeingia, ndiyo, na ingekula meno yote ya ndani ya fremu, na hapo hakuna kiveti nyingine duniani ambayo ingekaa. Nikaibeba fremu begani nikatoka. Papa akanifuata na magurudumu. Tuliuliza kila duka la vipuri, na kila duka lilitutolea ile ile ya Kiingereza, mpaka tukatembea hadi Biharwe kwa mzee wa vyuma chakavu. Humo, chini ya mabati, kulikuwa na fremu iliyopinda ya nasaba ya kinga yetu. Sikumuuliza mtu. Nikaweka spana ya mzee, nikazungusha kama chupa ya soda, ikaja, nikaikaza papo hapo kwenye fremu yetu. Papa alimwachia mzee yule mkanda wake kuwa malipo, akarudi Nakivale ameshika suruali kwa mkono mmoja.

Njiani nilimuuliza kwa nini alinyamaza ilhali alijua. “Hapa si kwetu,” akasema. “Nikimugombeza, kesho kinga nitaipeleka fasi gani?” Nilikasirika, na sijamaliza kukasirika. Shule ilipofunguliwa nilikwenda nikikanyaga pedali, nikasoma mpaka nikamaliza.

Leo baiskeli za mashindano za zamani ni chache, pikipiki zimejaa barabara ya Isingiro, na mimi ndiye fundi: wanaume wananiletea fremu zilizokwisha kuharibiwa na nyundo, kisha wananielekeza namna ya kushika spana. Nawajibu. Wengine huondoka, wengi hurudi. Wiki iliyopita mwalimu wa chekechea aliniita. Binti yangu wa miaka minne alimwambia mbele ya darasa zima kwamba anakosea kulitamka jina lake, akakataa kukaa mpaka litamkwe sawasawa. Mwalimu alitaka nimkanye. Nilimuuliza kwanza kama sasa analijua jina hilo, naye akalitamka, vizuri kabisa. Basi, nikamwambia, hakuna wa kukanywa hapa.