Mama Funga na gongo la baba yake

Saa nne asubuhi, jua limeshashika bati la karakana, na dirisha pekee lililopo limefungwa kwa komeo. Fundi cherehani aliyefuata gia ya mashine yake anajipepea kwa kofia.

"Dada, tufungue kidogo tu. Tutaiva humu."

"Kasubiri kivulini, kaka yangu. Gia yako ikipigwa na upepo, wiki ijayo utanirudia umenuna."

Fundi cherehani anatoka akicheka. Mtaa mzima unamwita mwanamke huyu Mama Funga, na ukikaa naye nusu saa unaelewa kwa nini. Mlangoni ameketi baba yake, seremala mstaafu, magongo yake mawili yameegemea ukuta. Mzee hacheki wala hajipepei, amezoea.

Mezani inafanya kazi printa ya 3D, mashine yenye ukubwa wa jiko dogo. Inayeyusha uzi wa plastiki na kuuchora taratibu, tabaka juu ya tabaka, mpaka mchoro unakuwa kitu cha kushika mkononi. Hapa hutoka gia za cherehani, vifundo vya majiko na vipuri vingine ambavyo madukani vimeadimika.

"Watu wanadhani plastiki ni plastiki," anasema huku akifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Lakini uzi huohuo, kwa mashine hiihii, unaweza kukupa kitu kigumu au ukakupa biskuti. Inategemea umeulea vipi."

Somo hilo lilimuuma, na kwa bahati mbaya lilimuuma zaidi baba yake.

Mzee hutembea kwa magongo tangu nyonga moja ilipomgomea. Mwaka jana mshikio wa gongo la kulia ulichakaa. Binti akamchapia mpya, mweusi unaong'aa, akaufunga mwenyewe kwa majigambo. Siku chache baadaye ulikatika hapohapo mlangoni, mzee akaanguka na kuteguka mkono.

"Sikulia alipoanguka," anasema Mama Funga. "Nililia aliponiambia, 'Si kitu, mama, hata viti vyangu vya kwanza vilivunjika.' Afadhali angenigombeza."

Mzee akaviringisha matambara kwenye magongo yote mawili, na kila alipoletewa mshikio mpya akaukataa kwa upole. Mtaa una macho. Wateja wakaanza kuulizana: kama baba mzazi haushiki, sisi tuushike kwa ujasiri gani?

Binti hakukitupa kipande kilichovunjika. Alipokichunguza aliona kimeachana safi, kama slesi za mkate. Akakumbuka kwamba siku ile joto lilimzidi, akafungua dirisha.

"Kila tabaka linatakiwa kushikana na la chini yake likiwa bado na joto," anaeleza. "Upepo uliyapoza kabla hayajashikana. Kwa nje mshikio ulipendeza, ndani kila tabaka liliishi kivyake. Baba alinilea kwa msemo wa udongo uwahi ungali maji. Laiti ningeukumbuka mapema."

Dirisha likafungwa, mashine ikajengewa boksi la kuizuia na upepo. Mshikio uliofuata ulikuwa imara zaidi, lakini mzee alipoubana kwenye jiliwa lake la kazi na kuupiga nyundo, ulipasuka. Hapo useremala haukumruhusu kunyamaza.

"Uliuchapa umesimama?" akauliza.

"Ndiyo, baba. Ukisimama unatoka laini."

"Basi nyuzi zake zimekatiza. Hata mbao ngumu ukiikata hivyo itakuvunjikia. Ulaze, nyuzi zifuate urefu."

Wakabishana, maana huyu ni mtoto wa baba yake. Mwishowe akaulaza. Mzee akapiga nyundo, ukapinda. Akapiga tena, ukafanya weupe pale ulipopinda, lakini haukukatika. Akautoa kwenye jiliwa, akasema, "Huu umekataa kuvunjika."

Akachapiwa mwingine kama huo, na ndio ulio kwenye gongo la kulia mpaka leo. La kushoto bado lina matambara. Ukimuuliza sababu, mzee anajibu bila haya.

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwanangu nampenda sana, ila nyonga nzima nimebaki nayo moja."

Binti anacheka, lakini linamchoma. Hospitali ya jirani, kwenye chumba cha mazoezi ya viungo, wameomba awatengenezee mishikio ya magongo. Hajawajibu.

"Nitawapaje wagonjwa wa watu kitu ambacho baba yangu anakiamini nusu?" anasema. "Siku akiyafungua yale matambara, siku hiyohiyo naenda."

Gia imekamilika. Fundi cherehani anaigeuzageuza, anaridhika, anaondoka. Mama Funga anafungua dirisha, na upepo unaingia kama mgeni aliyesubirishwa.

Mzee amelipakata gongo la kushoto na vidole vyake vinahangaika na fundo. Matambara yanaporomoka, anayakunja, anayaweka mezani karibu na mashine.

"Na hili utaliacha yatima mpaka lini?"

Mama Funga anachukua futi kamba na kupima, halafu anapima tena, kwa sababu mara ya kwanza macho yalijaa machozi. Anauelekeza mchoro ulale. Anawasha mashine.

Kabla hajainuka, baba yake amekwishanyoosha gongo la kulia na kulisukuma dirisha. Linafungika. Mzee anakivuta kiti chake ndani, kwenye joto, na kukaa.

"Haya," anasema. "Lea."