Vyondo vya Masomo

Tulihama Ilford kwenda Kilburn katikati ya muhula, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Mume wangu alikuwa amepata kazi ya kuendesha basi upande ule wa mji, na mwenye nyumba wetu alikuwa anaitaka nyumba yake. Katika mahangaiko yote ya kuhama, nilidhani shule ndiyo ingekuwa jambo jepesi. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili, mdogo wake wa kiume kumi na mmoja. Kumbe shule za karibu zote zilikuwa zimejaa. Kila nilipopiga simu kaunsili, ofisi ya serikali ya mtaa, nilipokewa na mtu mwingine, na kila mtu aliniambia maneno yale yale: watoto wako kwenye foleni, tafadhali subiri.

Mimi si mtu wa kusubiri huku watoto wamekodolea televisheni macho tangu asubuhi. Kabla ya kuja Uingereza nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Kitui, Kenya. London ilinipa kazi ya kuogesha na kulisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, nami niliifanya bila kunung'unika, lakini darasa nililikosa kama mtu anavyokosa chumvi. Foleni ilipozidi kurefuka, nilimwambia mume wangu kwamba nitawafundisha mwenyewe.

"Wafundishe," alisema. "Lakini hapa hatuna nafasi ya darasa, Mama watoto."

Hilo lilikuwa kweli. Flati yetu ilikuwa juu ya duka la kuku wa kukaanga, na meza ya kulia ndiyo iliyokuwa meza ya pasi na ya kila kitu. Mama mmoja Mkongo tuliyesali naye ndiye aliyenipa wazo la vikapu. Yeye aliwafundisha wanawe wadogo nyumbani. Kila wiki alichagua mada moja, akakusanya vitu vinavyohusu mada hiyo, akavitia kwenye kikapu kimoja. Somo likiisha, kikapu kinarudi kabatini na meza inabaki meza.

Nami nilikuwa na vyondo, vile vikapu vya kusuka vya kwetu. Nilikuwa nimetoka navyo nyumbani viwe zawadi, vikabaki chini ya kitanda kwa kukosa wa kuwapa. Nikavitoa, nikavikung'uta vumbi, nikaanza.

Kiondo cha kwanza kilikuwa cha maji. Niliweka chujio la chai, mkaa wa kusafishia maji kutoka duka la samaki wa mapambo, kipimajoto, chupa ya maji ya bomba na nyingine niliyoichota kwenye mfereji unaopitisha mashua. Niliandika maswali kwa wino mwekundu kwenye kadi, kadi zikafungwa kwa utepe. Nilijiona nimefanya kazi ya mwalimu.

Mwanangu wa kiume aliinua kipimajoto, akakitazama, akakirudisha. "Hivi ni vitu vya nasari," alisema kwa Kiingereza. Watoto wangu walinisikia vizuri nilipozungumza Kiswahili, lakini kunijibu kwacho hawakutaka.

"Soma kadi kwanza," nilimwambia.

"Nimeshasoma. Majibu ninayajua."

Na aliyajua, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Dada yake alijibu kadi zote bila kugusa kitu hata kimoja, akauliza kama sasa anaweza kwenda.

Nilijaribu tena kwa kiondo cha ramani, kilichojaa ramani za zamani za mabasi alizoniletea baba yao, dira, na bahasha zenye stempu za Kenya. Kikalala kwenye zulia. Yule mama Mkongo aliponiuliza yanaendeleaje, nilimjibu kwamba wanawe ni wadogo, bado wanafurahia kitu kwa kuwa kimetoka kikapuni. Wangu walikuwa katika umri ule ambao kitu chochote alichokipanga mama tayari kimeshaharibika.

Cha mbegu ndicho nilichokihangaikia kuliko vyote. Nilipanda mabasi mpaka Peckham siku yangu ya mapumziko, kwa sababu kule ndiko nilikojua nitapata mahindi makavu meupe ya kwetu, kunde, mtama, na maharagwe ya kila rangi. Mvua ilininyeshea nikienda na nikirudi. Nilipanga mbegu kwenye mifuko midogo, nikaongeza kioo cha kukuzia na kadi zangu. Watoto walikitazama kile kiondo jinsi mtu anavyoitazama sahani ya chakula asichokipenda. Nilikiacha jikoni, nikaenda kazini na hasira yangu.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka kazini jioni, nikakuta flati yote inanukia githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mume wangu alikuwa amefunga aproni yangu, anatabasamu. Kwa muda wa kuvua koti nilifurahi sana, maana sikumbuki lini mara ya mwisho nilipikiwa. Kisha nikaona kiondo kimelala tupu juu ya friji.

"Umepika masomo ya watoto," nilisema.

"Masomo gani? Nimekuta maharagwe umeshayaloweka kwenye machupa, nyuma ya pazia pale dirishani. Nikasema leo nikupumzishe."

"Mimi sikuloweka maharagwe."

Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikwenda dirishani, akafungua pazia, akaona machupa yameoshwa na kupangwa kichwa chini. Uso ukamgeuka. Alimwambia baba yake, kwa sauti ya chini iliyotetemeka, kwamba yale yalikuwa yake. Machupa mengine yalikuwa na maji ya bomba, mengine ya chumvi, mengine maji yaliyochemshwa na kupozwa. Alitaka kujua yapi yangeota haraka. Ya bomba yalikuwa yameanza kutoa mikia asubuhi ile.

"Nilidhani yameharibika kidogo," baba yake alisema. "Pole, mama. Si kuna mengine dukani?"

"Mengine si yale."

Aliingia chumbani, akajifungia. Nilimfuata, nikakaa sakafuni nje ya mlango. Nilikuwa na hasira na mume wangu, lakini nilikuwa na hasira na yeye pia. Wiki zote hizo nilikuwa nabembeleza mtu aguse kiondo, kumbe aliyegusa alijificha nyuma ya pazia.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimwuliza.

"Ungeyageuza yawe somo," alisema. "Ungeniandikia kadi."

Nilirudi jikoni nikala githeri. Ilikuwa na chumvi nyingi, na sote tulijua ilikotoka.

Nililoweka maharagwe mengine kwenye machupa yale yale, nikayaacha pale pale dirishani bila kadi, bila neno. Binti yangu hakuyagusa. Yaliota, yakaoza, nikayamwaga. Kisha kaunsili wakapiga simu: nafasi zimepatikana, wote wawili, shule moja, waanze Jumatatu. Watoto walirukaruka. Mimi nilikuwa nimeshaanza kukusanya nyaya na betri za kiondo cha umeme.

Baada ya muda shule hiyo hiyo ilitangaza kazi ya msaidizi wa mwalimu. Nikaomba, nikaitwa, nikavaa suti yangu ya kanisani. Mwanamke aliyenihoji alikuwa mpole. Aliniuliza kama nina uzoefu wa kufanya kazi na watoto. Nilimweleza kuhusu Kitui, kuhusu darasa langu lililokuwa na watoto hadi madirishani. Nilimweleza jinsi nilivyowafundisha wanangu miezi ile ya foleni.

"Ninamaanisha uzoefu wa hapa," alisema.

"Wanangu walikuwa hapa," nilimjibu.

Alitabasamu, akasema watanijulisha. Walimchukua mtu mwingine. Niliposikia hivyo nilikuwa kwenye nyumba ya wazee, nimeshika kijiko, na bibi niliyekuwa namlisha akaniuliza mbona nimeacha kumlisha, chakula kinapoa.