Kamba Iliyotoka na Upara

Jirani yangu ana msumeno wa injini wa kukatia miti, unaokunywa petroli iliyochanganywa na oili. Kila moshi wake unaponifikia dirishani, utu uzima wote hunitoka. Najikuta Magomeni, Kilosa, uani kwa bibi, nimechuchumaa mbele ya injini ya ndege.

Ndiyo, ya ndege, msinicheke. Nayo ilikunywa mchanganyiko huo huo. Ilikuwa ya kindege chepesi cha viti viwili kilichokuwa kikiruka upande wa Mikumi hadi kilipogoma. Mwenyewe alimwambia mjomba wangu Seifu, fundi pikipiki, "Ifufue hii, nami nitakupandisha angani."

Mjomba hakuwahi kugusa injini ya namna ile. Aliifungua huku akijifunza, kila kipande akikilaza juu ya khanga kuukuu kwa jinsi kilivyotoka. Kazi yangu ilikuwa kuuliza. Hiki cha nini? Kwa nini pistoni imechorwa mshale? Alichojua alinijibu, asichojua alikuna kichwa, na alikikuna sana.

Bibi hakusogea karibu. Alikaa mkekani akisokota kamba za katani, kazi aliyotoka nayo Rudewa enzi za mashamba ya mkonge.

"Mtoto wangu wa pekee wa kiume," alilalamika, "anataka kwenda kuning'inia hewani kama nguo iliyoanikwa! Naiombea hiyo injini igome hivyo hivyo."

"Mama nawe!" mjomba alicheka.

Ikafika nati kubwa ya mwisho. Kila alipoikaza, mhimili wa injini ulizunguka nayo, pistoni ikipanda na kushuka. Basi mjomba akachomoa plagi, akashindilia kipande cha kamba ya bibi kwenye tundu lake ili pistoni ikwame. Nati ikakaza. Akaivuta kamba, akarudisha plagi, akaenda kuoga huku akiimba. Kesho yake injini ingepelekwa Mikumi.

Mimi nikabaki na kamba, nikishangaa. Iliingia na manyoya tele kichwani, ikatoka na upara. Nikampelekea bibi.

"Bibi, nywele zake zimekwenda wapi?"

Aliishika, akaipitisha vidoleni, akanyamaza. Alinyamaza mpaka nikadhani amesinzia.

"Mke mwenzangu, kamwite mjomba wako," alisema hatimaye. Hakungoja hata niondoke, akapaza sauti mwenyewe. "Seifu! Katani imebaki tumboni mwa injini yako. Ifungue tena, mwanangu."

Mjomba alitoka na povu masikioni. Alipoifungua alikuta nyuzi zimejibana kwenye silinda, na uso ukamsawijika.

"Ingenizimikia huko juu," alisema polepole.

Aliisafisha, na kweli akaruka. Bibi alijifunika khanga usoni hadi tulipomwambia ameshatua.

Miaka yote niliamini kwamba katika kile kimya bibi alikuwa akiichunguza kamba. Sasa nina mwanangu anayetaka kwenda mbali, na ananingoja nimjibu. Ndipo nilipotambua kuwa bibi, msokota kamba wa maisha yake yote, aliielewa ile kamba mara tu alipoigusa. Angeweza kuitumia kumzuia asiruke; kimya kilichobaki kilikuwa cha kumwachia mwanawe aende.