Nilitabiri mvua ya wiki nzima Kinole ili nikwepe kuchuma karafuu

Wakuu, salamu kutoka Kilakala, Morogoro mjini. Ninachosimulia kimetokea kweli na mkosaji ni mimi mwenyewe, kwa hiyo msihangaike kumtafuta mtuhumiwa kwenye comments.

Mimi ni mwandishi wa riwaya. Riwaya yenyewe haijachapishwa, ila cheo nimeshajipa.

Ukoo wetu uko Kinole, milimani, kwenye ndizi na karafuu. Msimu wa kuchuma ukifika, kila Jumapili jioni natuma kwenye grupu la ukoo utabiri wa hali ya hewa wa wiki inayokuja. Nausoma kwenye simu, naufupisha, natuma. Kazi hiyo alinipa mjomba Kibwana, kaka yake mama, kwa kuwa huku mjini mtandao haukatikikatiki.

Kwa wasioijua karafuu: ukishaichuma inataka jua kali siku tatu nne mfululizo, iko mkekani. Ikinyeshewa, inaota ukungu. Na ukichelewa kuichuma, tumba linachanua, na karafuu iliyochanua hakuna anayeitaka. Kwa hiyo mkulima jicho moja liko mtini, jingine liko mawinguni.

Sasa, Jumamosi moja ya vuli hii mjomba akanipigia.

"Wiki ijayo njoo. Mikarafuu ya mama yako mdogo iko tayari, na yeye magoti hayamruhusu kupanda mtini."

Mama mdogo Mwanahawa ni mjane, ana mikarafuu saba nyuma ya nyumba. Mavuno ya mwaka huu alikuwa ameyapangia bati za chumba chake. Masika iliyopita alilala na beseni kitandani, likikinga maji. Na kwetu Waluguru, mjomba akikuita, huulizi mara mbili.

Tatizo ni kwamba Ijumaa ya wiki hiyohiyo kikundi chetu cha waandishi kilikuwa kimenipa nafasi ya kusoma sura ya kwanza ya riwaya yangu mbele za watu. Nafasi hiyo nimeisubiri miaka. Ningeweza kumweleza mjomba hivyohivyo ilivyo. Sikuthubutu.

Jumapili nikafungua utabiri. Jua wiki nzima, mvua Jumatatu ya wiki inayofuata. Nikaufunga, nikaandika wa kwangu:

"Kuanzia kesho mawingu mazito yatashuka kutoka kilele cha Bondwa, yakiburuta kanzu zao juu ya migomba. Mvua itaning'inia kama nyuzi za fedha, mchana na usiku, hadi Jumapili. Mito itapandisha sauti. Mtu asichume."

Niliurudia mara tatu. Nakiri kwamba niliuona uzuri wake kabla ya kuuona uongo wake.

Aliyejibu ni mama mdogo peke yake: "Mwanangu, umeandika mpaka nimesikia baridi. Basi usije, barabara itateleza. Tutachuma ikikata." Wengine kimya. Nikajua wameamini.

Jumatatu, jua. Jumanne, jua la kukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Kutoka Kilakala milima ilionekana mti kwa mti, utafikiri imefuliwa. Nikawa nakwenda dukani nimeinama nisiitazame.

Jumatano asubuhi ikanijia picha ya bati za mama mdogo zikichanua, ua moja moja. Nikadaka bodaboda ya Kinole.

Wakuu, nimefika nikakuta kijiji kizima kimetandika mikeka. Kila uwanja karafuu, harufu mpaka kwenye kope. Mjomba alikuwa anageuza zake kwa mguu, taratibu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeloa?"

Nikajikung'uta vumbi la njiani.

"Ukiwa umesoma utabiri kweli," akasema, "unaandika mistari miwili unatuaga. Safari hii umetuletea mawingu yaliyovaa kanzu. Nikawaambia watu, huyu ana jambo lake mjini, chumeni."

"Na mama mdogo?"

Hapo akaacha kugeuza. "Nilimpelekea mchumaji, akamrudisha. Anasema mwanawe hawezi kumdanganya."

Nilikuwa nimeanza kutabasamu kwa kunusurika. Tabasamu likaishia hapo.

Nilimkuta uani, kapu tupu miguuni. Mkarafuu mmoja ulikuwa umeshachanua wote, nyuki wamejaa. Nikakaa chini karibu yake, nikamweleza kila kitu, hadi habari ya Ijumaa.

"Kwa hiyo mvua haikuwemo kwenye simu?"

"Haikuwemo, mama."

"Hata ile mito?"

"Hata mito."

Akautazama ule mti, akanipa lile kapu. Kisha akasema, "Panda. Anza na ule wa bondeni. Na usinivunjie matawi."

Nilichuma Jumatano yote iliyobaki na Alhamisi kutwa. Siafu walinijua kwa jina. Mvua ya kweli ilikuwa inakuja Jumatatu, kwa hiyo kila saa ya jua iliyopita nikiwa bado mtini ilikuwa hasara yake.

Alhamisi jioni tulikaa uwanjani tukinyofoa karafuu kwenye vikonyo. Mjomba akaniambia niwasomee hiyo sura ya kwanza, maana ndiyo iliyoleta balaa. Nikasoma kwenye simu. Sura inaanza na mvua.

Nilipomaliza mama mdogo akasema, "Nzuri. Ila mvua ya uongo uliyotutumia ilikuwa nzuri zaidi."

Uwanja mzima ukacheka. Mhariri kama huyo sijapata kumwona mjini.

Ijumaa wenzangu walisomeana bila mimi. Mimi nilikuwa nageuza karafuu. Jumapili alasiri mama mdogo akachukua moja, akaivunja kwa kucha, ikalia. Tukaanua. Jumatatu saa nne mvua ikashuka, magunia yakiwa ndani.

Mavuno ya mti mmoja yalipotea. Bati zimetosha chumba isipokuwa upande wa mlangoni, na upande huo ukoo umeamua kwamba ni juu yangu.

Utabiri nimenyang'anywa. Siku hizi namtumia mama mdogo screenshot, na yeye anautangaza kwa voice note: "Jua mpaka Alhamisi. Ijumaa anueni." Sekunde tano, na watu wanaanua.

Nilichojifunza ni hiki. Wajanja wote uongo wangu uliwapita pembeni. Aliyeumia ni yule mmoja ambaye husoma kila ninachoandika na kukiamini. Mvua ya kubuni sasa naiacha inyeshe kitabuni, na ile sura ya kwanza naiandika upya.

Kama humu yupo aliyewahi kukwepa kazi ya ukoo kwa uongo mkubwa kuliko wangu, aseme hapa chini nipate mwenzangu. Na mwenye bati mbili tatu zilizobaki Morogoro, tuongee.