Mgeni wa Alhamisi Dukani kwa Ratilal

Haya sikusimuliwa na mtu. Niliyaona kwa macho yangu, na mkono huu ninaoshikia kikombe ndio uliovuta. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Homa Bay kuna watu wa rika langu ambao wakinikuta sokoni bado huniuliza, "Mama, ile habari ya dada yako iliishaje?" Na hao si watu wa kusikia uvumi. Walikuwepo. Yule mtu walimwona, wengine walimnunulia soda.

Ilikuwa miaka ile ya baada ya uhuru. Nilikuwa nashona nguo barazani kwa Mhindi mmoja aliyeitwa Ratilal, mwenye duka la vitambaa karibu na gati. Ratilal alikuwa mtu wa kupenda vitu vipya. Siku moja akarudi kutoka Nairobi na televisheni, akaifungia waya juu ya mti mrefu wa mkaratusi, akawasha jenereta nyuma ya duka, na jua lilipoanza kushuka akafungua milango yote miwili ili watu waone. Usifikiri ilikuwa picha safi kama hizi zenu. Mara nyingi tuliona nukta nyeupe zinanyesha kama mvua, na ndani ya ile mvua kivuli cha mtu anasoma habari. Siku za mawingu hatukuona hata kivuli.

Lakini Alhamisi, sijui kwa nini, picha ilitulia. Na Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya wazungu wanaovua samaki.

Hebu fikiria. Sisi ni watu wa ziwa, tumezaliwa na harufu ya samaki wetu ngege mikononi, na hapo tunamtazama mzungu amesimama mtoni, maji yamemfika mapajani, ana ufito mwembamba kama wa kufukuzia kuku. Kwenye ndoano haweki chambo. Anaweka kimdudu alichokitengeneza mwenyewe kwa manyoya na uzi. Anaurusha mshipi mbele, anaurudisha nyuma, mbele, nyuma, mpaka unaona usingizi. Halafu samaki ananasa, anahangaishwa, anavutwa. Mzungu anamshika kwa mikono miwili, anamtazama vizuri, anatabasamu. Halafu anamrudisha majini!

Siku ya kwanza duka lilikuwa karibu kubomoka kwa kelele.

"Anamwachia? Huyu ni mgonjwa wa kichwa!"

"Si awape majirani basi kama ameshiba!"

Mama mmoja muuza samaki alisimama, akajifunga leso kiunoni, akaitukana televisheni kwa Kijaluo mpaka Ratilal akamsihi akae.

Mtu mmoja tu hakucheka wala kulalamika. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mgeni, mrefu, amevaa koti la kijivu. Kabla mzungu hajainama kumshika yule samaki, nilimsikia akisema polepole, "Atamwachia." Nilidhani alikuwa ameshawahi kuiona picha ile mahali pengine. Lakini Alhamisi iliyofuata ilikuwa picha nyingine, mto mwingine, mzungu mwingine. Akasema tena, "Huyu atamwachia." Mara nyingine akasema, "Huyu hamwachii," akageuza uso ukutani, na kweli, yule samaki aligongwa kichwa kwa rungu dogo.

Alijuaje? Nilimuuliza Ratilal kama hizo picha zilishaonyeshwa. Akaniambia yeye mwenyewe ndiyo kwanza anaziona.

Basi nikaanza kumchunguza. Niamini, mtu ukikaa kwenye cherehani mchana kutwa unajifunza kutazama watu bila kuinua kichwa. Niliona kwamba viatu vyake vilikuwa vimelowa hata wakati wa kiangazi. Niliona hakula samaki. Mwanamume, Homa Bay, hali samaki! Tena pembeni mwa mdomo alikuwa na kovu dogo la mviringo, na kila samaki aliponasa kwenye ile picha, mkono wake ulipanda wenyewe ukalifunika.

Ningemwacha na mambo yake. Miji ya bandari ina watu wa kila namna. Lakini akamwona dada yangu.

Akinyi alikuwa mdogo wangu. Aliolewa Lambwe, na mbung'o wa bonde lile wakamletea mumewe malale, akalala mpaka hakuamka. Hawakuwa wamepata mtoto. Akaja kukaa kwangu, akawa ananishonea vifungo, hasemi, anakula kama ndege. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko chake. Nilikuja kuisikia tena Alhamisi moja mlangoni kwa Ratilal, na aliyemchekesha ni yule mgeni mwenye koti.

Alijitambulisha kwetu vizuri. Akaja nyumbani mchana, akavua kofia, akaniita shemeji. Jina lake Ouma, kwao Kisegi, wazazi wameshafariki, anataka kumwoa Akinyi kanisani. Nilimpa mkono. Ulikuwa baridi, na si baridi ya mtu aliyetoka kunawa. Ilikuwa baridi ya kitu kilichokaa chini.

"Ukoo gani wa Kisegi?" nikamuuliza.

"Wa chini, karibu na maji."

"Karibu na maji kuna watu wengi, Ouma."

Akatabasamu tu. Akinyi akanikanyaga mguu chini ya meza.

Usiku ule tuligombana. "Nyamera," aliniambia, na neno hilo la dada alilitumia akiwa na uchungu tu, "wewe una mume, una watoto. Mimi nimepata mtu anayenitazama. Unataka nini?"

Nilitaka kujua kwao ni wapi. Ni kosa hilo?

Kesho yake nikamwambia mume wangu naenda kutafuta wateja wa sare za shule. Nikapanda lori la mahindi, lilipoishia nikatembea na wanawake waliokuwa wakirudi kutoka mnadani, mpaka Kisegi. Niliuliza kwa katekista. Niliuliza kwa wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu. Hakuna Ouma wa namna ile. Nikaanza kujiambia labda ni mwongo wa kawaida, mwenye mke mwingine mahali, na hilo lingekuwa nafuu.

Nilipofika kwa mama mmoja aliyekuwa akianika omena, dagaa wa ziwa letu, akaacha kazi yake.

"Ana kovu hapa?" akagusa pembe ya mdomo wake.

"Analo."

"Hapa alijiita Otieno." Akatazama huku na huku, akanivuta kando. "Alimposa binti wa shemeji yangu. Tulimpenda, mtu mpole. Jioni moja tulimkuta binti yuko ndani ya ziwa, maji shingoni, anatembea tu anaenda. Tulimtoa kwa mtumbwi. Alitukwaruza kama paka. Huyo mtu hatukumwona tena."

"Na binti?"

"Yupo. Anakula, analala. Hasemi." Akanishika mkono. "Una dada? Basi usinywe hata maji yangu. Rudi."

Ilikuwa Jumatano. Nilirudi usiku na mchana, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya magunia, na nilipoingia Homa Bay Alhamisi jua lilikuwa linaelekea kuzama na jenereta ya Ratilal inanguruma. Nilimshukuru Mungu. Nikajua nitawakuta mlangoni.

Nikapenya katikati ya watu. Kwenye picha mzungu alikuwa anarusha mshipi wake, mbele, nyuma. Mlangoni hapakuwa na mtu.

"Akinyi yuko wapi?" nilimuuliza Ratilal.

"Walikuwa hapa," akasema. "Samaki alipovuta tu, yule bwana akamshika mkono wakaenda. Upande wa ziwa. Mama, kuna nini?"

Nilikimbia na miguu iliyojaa malengelenge, nikapita gati, nikashuka kule kwenye matete ambako wanawake hufua. Bado kulikuwa na mwanga. Nataka ulijue hilo, mwanga ulikuwepo, nilimwona kila kidole. Ouma alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, na koti lake halikuelea kama linavyotakiwa kuelea. Lilikuwa limemshika mwilini, linang'aa. Akinyi alikuwa nyuma yake, maji magotini, mkono wake ndani ya mkono wa yule mtu, anatabasamu kama anapelekwa harusini.

Niliingia. Nikaukamata mkono wake wa pili.

"Mwache!" nikapiga kelele. "Nimetoka Kisegi! Nimeambiwa!"

Hakukasirika. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Aligeuka polepole, na macho yake yalikuwa hayapepesi.

"Shemeji, mimi simwibi mtu," akasema. "Mimi nilinaswa. Nikatolewa nje, nikashikwa, nikatazamwa, halafu nikarudishwa. Unajua hiyo ni nini? Tangu siku hiyo kule chini hawanitaki, wanasema nanuka mkono wa mtu. Na huku juu ninyi mnaniuliza ukoo."

"Basi rudi peke yako!"

"Nimechoka peke yangu. Yeye ameniambia hataniachia."

Nilivuta. Naye akavuta, si kwa nguvu, alirudi nyuma tu hatua kwa hatua, na sisi wawili tukaenda naye kana kwamba hatuna uzito. Maji yakanifika kiunoni. Nilimwita Akinyi kwa jina lake, kwa jina la mama yetu, kwa jina la mumewe aliyelala Lambwe. Aliposikia jina la mumewe, tabasamu likamtoka. Akanitazama kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua.

"Niachie," akasema.

Sikujua anamwambia nani. Alikuwa hatazami yeyote kati yetu, alikuwa anatazama maji.

"Niachie, tafadhali."

Mimi sikuachia. Naapa, ningekatika bega nisingeachia. Aliyeachia ni yule. Aliutazama mkono wa dada yangu kwa makini, akaupitishia dole gumba juu, akaufungua mkono wake. Halafu akazama. Hakuogelea, hakupiga mbizi, alishuka wima. Sikuona povu hata moja. Tulianguka kwenye matete, na pale ndipo watu wa Ratilal walipotukuta, pamoja na yule mama muuza samaki, akiwa wa kwanza na kasia mkononi. Kesho yake wavuvi walipitisha nyavu eneo lote. Hawakupata maiti, hawakupata koti.

Watu wakasema yao. Wengine wakasema ni kamongo, maana samaki huyo hukaa majini na matopeni. Padri akasema ni tapeli aliyejua kuogelea, akatuombea. Polisi wakaandika kwamba mtu asiyejulikana amezama. Kwenye kifundo cha mkono wa Akinyi palibaki mstari mwembamba mweupe, kama mahali mshipi ulipokaza. Haukutoka.

Mimi nilidhani yamekwisha. Aliachia mwenyewe, si ndiyo? Nikaanza hata kumhurumia. Mpaka siku moja mzungu wa mambo ya kilimo alipoleta suruali nimpunguzie, nikamuuliza lile swali lililokuwa likitusumbua wote dukani. Kwa nini wanahangaika kumnasa samaki, halafu wanamwachia?

Akacheka. Alizungumza Kiswahili kizuri kuliko mimi. "Ukimwachia anakua," akaniambia. "Mwaka mwingine unarudi, yuko palepale, unamnasa tena."

Nilijidunga sindano kidoleni.

Jioni ileile nilifunga nguo za Akinyi. Kabla ya wiki kwisha nilikuwa nimempeleka Rongo, kwa shangazi yetu, kwenye mashamba ya miwa, ambako maji makubwa zaidi ni ya pipa. Aliolewa huko na mwanamume tuliyemjua babu yake na babu wa babu yake, kwa maana niliwauliza wote. Alizaa. Aliishi vizuri, nisiseme uongo. Lakini mumewe, Mungu amweke pema, aliniambia kwamba usiku wa mvua kubwa, mfereji wa barabarani ukianza kuvuma, Akinyi alikuwa akimpa ufunguo wa mlango na kumwambia, "Ficha, na nikikuomba usinipe." Alimwomba mara nyingi. Alilia, akambembeleza, akamtukana. Yule mwanamume hakumpa hata mara moja.

Mwenyewe alinizungumzia jambo hilo mara moja tu, tukiwa tumeshazeeka. Alisema, "Nilijua tangu siku ya kwanza, nyamera. Ule mkono haukuwahi kupata joto." Nikamuuliza, kama alijua, kwa nini alienda? Akaendelea kuchambua mboga.

Mimi siendi ziwani jua likizama, na televisheni ikionyesha watu wanaovua hunikuti chumbani. Wewe tazama ukipenda. Lakini akikaa karibu nawe mgeni anayemwonea huruma samaki, mpole, mwenye maneno mazuri, usimpe jina la dada yako. Akikuambia kwao ni mahali fulani, panda lori uende mwenyewe, uulize nyumba kwa nyumba. Na akikuachia mkono kwa hiari yake, usimshukuru. Siku hiyohiyo, hama.