Nilivyolipia website ya misala ya mama mkwe, ikaja na mbwa juu yake

Wakuu, salaam kwenu, mliokaa na mliosimama.

Mimi Mpemba wa Mgogoni. Nitakayoyasema ni kweli tupu. Pale nitakapozidisha mtapaona wenyewe, maana sijui kuzidisha kwa siri.

Kwanza mnijue. Nimesoma shule ya usiku nikamaliza, na cheti cha kompyuta ninacho, muhuri wake mkubwa kama sahani ya pilau. Kwa hiyo hapa kijijini chochote chenye waya naitwa mimi. Redio, pasi, simu, hata saa ya msikitini.

Mama mkwe wangu, Bi Riziki, ndiye mkubwa wa kikundi cha akina mama wanaosuka misala ya ukindu, ile mikeka ya kusalia. Kazi yao safi mpaka unaona haya kuikanyaga.

Akatokea mtu wa Muscat, Bwana Nassor, asili yake huku huku Pemba. Msikiti wa mtaani kwao umejengwa upya, wanataka misala ya kusukwa kwa mkono, msikiti mzima. Akasema, "Nitumieni website yenu. Baada ya wiki tatu, Ijumaa baada ya sala, kamati inakaa kuamua."

Wakuu, akina mama walikuwa washachovya ukindu rangi. Umejaa barazani, umejaa chumbani, kuku wamehama. Oda ile ikipotea, kazi ya nyumba kumi imepotea.

Bi Riziki akaniambia, "Baba, wewe si umesoma? Itengeneze."

Hapo ndipo nilipaswa kusema ndiyo. Njia zilikuwa tatu: niijenge mwenyewe, nimpe fundi simu wa mjini Chake, au niende kampuni Unguja.

Fundi simu nilimkataa kwa sababu simu yake mwenyewe ina kioo kilichopasuka. Mimi mwenyewe nilijikataa kwa sababu nilitaka ukubwa. Mtu mwenye cheti haanzi kuhangaika kama mwanafunzi.

Nikapanda boti.

Yule jamaa wa kampuni alikuwa na kadi imeandikwa CEO. Wafanyakazi niliowaona ni yeye na AC. Na hiyo AC, wallahi, nilitoka mle meno yanagongana kama mashine ya kusaga nazi.

Nikimwambia "misala," yeye anasema "product." Nikimwambia "akina mama," anasema "stakeholders." Nikimuuliza lini itakwisha, anasema "tuna-build ecosystem, brother." Mimi natikisa kichwa tu kama mjusi kafiri. Kiingereza cha shule ya usiku kilikuwa kimeniaga mlangoni.

Hakuuliza msala ni kitu gani. Hata mara moja. Alichukua picha sita nilizopiga kwa simu, akachukua na malipo. Bei sitaji, nina presha.

Jumatatu ya wiki ile ya kamati ikaja email: "Kindly review and approve."

Nikafungua kwa simu. Network ya hapa kwetu mnaijua, inakuja kama mgeni wa posa, kwa kusitasita. Nikaona jina la kikundi kwa herufi za dhahabu. Nikasisimka. Chini yake kiduara kinazunguka, kinazunguka.

Sikungoja. Mwalimu wangu wa shule ya usiku alitufundisha kuwa mtu mkubwa huandika barua fupi. Nikajibu: "Approved. Well done."

Link nikaituma Muscat papo hapo.

Jumatano ikaingia voice note ya Bwana Nassor. Sauti ya upole kabisa.

"Ndugu yangu, misala mizuri, mashaallah. Ila nauliza tu. Huyo aliyelala juu yake, anasali au kapumzika?"

Nikakimbilia kwenye kilima chenye network. Nikafungua, nikashuka chini.

La haula.

CEO alikuwa kachukua template ya maduka ya mazulia ya Ulaya. Sebule, kochi jeupe, maua. Zulia lao kalitoa, kaweka msala wa Bi Riziki. Mbwa wao kamuacha. Jibwa la manjano, kubwa kama ndama, ulimi nje, kidevu kakilaza pale pale paji la uso la mtu linapogusa kwenye sijda.

Nikampigia CEO.

"Brother, yule dog analeta warmth," akasema. "Customers wanapenda pets."

"Ule ni mkeka wa kusalia!"

"Lakini uli-approve kwa maandishi. Tuma change request. Three working days."

Siku tatu za kazi, na kamati keshokutwa! Nikamwambia nipe password nimtoe mwenyewe. Akasema password ni mali ya kampuni. Na jina la website? Kalisajili kwa jina lake. Yaani hata mlango wa nyumba tuliyoilipia ulikuwa wake.

Ikabidi nimwendee mama mkwe. Wakuu, kumwambia mama mkwe neno "mbwa" ni mtihani, sembuse kumuonesha. Nikamuekea simu barazani, nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Astaghfirullah," akasema. Halafu, "Mimi nilifunzwa mbwa akigusa kitu huoshwa mara saba, moja yao kwa udongo. Hebu nambie, baba, hiyo website yako udongo tunautia wapi?"

Nikaivuta simu kwangu.

"Wewe uliiangalia kabla?"

"Niliiangalia, mama. Ila sikushuka chini."

"Kwa hiyo ulisoma Bismillah, ukafunga kitabu, ukasema umehitimu."

Wale akina mama waliokuwa wakisuka pale walicheka mpaka mmoja akaangusha ukili wake. Mimi nilitamani boti ya kwenda popote.

Bi Riziki hakucheka. Alikuwa anautazama ule ukindu. Akasema, "Ijumaa haijafika. Kaa chini."

Alhamisi nikaijenga mwenyewe. Ndiyo, kwa ile mitandao inayotoa website bure, unaburuta picha unaiachia. Tangu asubuhi hadi alasiri, ukurasa mmoja. Maneno alisema Bi Riziki, mimi nikachapa tu:

"Sisi ni wanawake wa Mgogoni. Tunasuka kwa mikono yetu. Ukitaka kuujua msala mzuri, ugeuze, utazame chini."

Aliposema "utazame chini" aliniangalia mimi. Nikachapa hivyo hivyo.

Sura zao hawakutaka zipigwe, nikapiga mikono. Mikono inasuka, mikono inashona, msala mbele, msala nyuma. Nikipiga picha ya mwisho akapita paka wa pale nyumbani, akajinyoosha pembeni ya msala. Nikasema ngoja nirudie.

"Mwache," Bi Riziki akasema. "Huyo hana kesi."

Safari hii nilishuka mpaka chini, yeye kakaa pembeni yangu, mara tatu. Ndipo nikatuma.

Ijumaa baada ya sala sikula. Ilipoingia voice note niliifungulia barazani, wote wasikie.

"Bi Riziki, kamati imecheka sana, na imekubali. Tuanze na safu ya mbele. Ikifika tutaigeuza tutazame chini, kama mlivyosema, tukiridhika tunaagiza zilizobaki. Na kuna mzee hapa anauliza, paka anauzwa?"

"Mwambie paka ni wa nyumba," Bi Riziki akasema, akavuta ukindu, akaendelea kusuka. Sifa sikupewa. Ila chai nililetewa.

Funzo langu, wakuu: kama unataka ukurasa wa kuonesha kazi yako, jaribu mwenyewe kwanza. Ukishindwa ndipo utafute fundi, na jina la website liwe lako, password iwe yako, na asiyeuliza kazi yako ni nini mkimbie hata akiwa na AC mbili. Halafu usikubali kitu mpaka umekaa na mwenye kazi mkashuka chini pamoja. Kampuni nzuri zipo, sikatai. Mimi nilikutana na kadi.

Na CEO ahadi yake kaitimiza, msiseme namsingizia. Jumatatu ikaja email: "Issue resolved." Nikafungua, nikashuka chini.

Kamkata mbwa. Mkia umebaki.

Haya, nanyi semeni yenu. Aliyewahi kuwekewa twiga kwenye website ya kuuza pweza asione haya.